Neno «glow» na treni ya Shinkolobwe



Mwezi uliopita mudogo wangu wa kike alirudi kutoka sokoni, hapa kwetu Kabondo-Dianda, na kikopo cha mafuta ya kupaka usoni. Kwenye kifuniko kuna picha ya mwanamke anayecheka na neno moja kubwa la Kingereza: glow. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nakata vijiti vya mihogo vya kupanda. Akakuja, akasimama, akaniuliza: «Yaya, we njo ulisomaka sana. Glow ni kusema nini?»

Mimi ni wa agronomie. Kingereza changu ni kile cha kusoma karatasi za mbegu na za dawa ya wadudu. Nikajibu haraka: «Ni kung'aa.» Akafurahi, akaenda. Arusi yake iko karibu, na bibi arusi gani hapendi kung'aa?

Lakini jibu lile lilinisumbua. Usiku nikafungua kamusi ku telefone. Nilifikiri nitamaliza mu dakika tano. Nikakuta kama neno hili dogo liko na maana nyingi, na kama moja ya maana zile imefungwa na Katanga yetu, hata na reli ile inayopita hapa kijijini. Ndiyo sababu naandika.

Tuanze na neno lenyewe. Glow ni neno la zamani sana mu Kingereza. Liko na ndugu zake mu Kiholanzi na mu Kijerumani, na mwanzoni lilisema kitu kimoja tu: mwanga wa kitu chenye moto mkali lakini bila ndimi za moto. Angalia mbabula jikoni. Makala yameshika, moshi umekwisha, hakuna moto unaoruka, lakini kaa lenyewe ni jekundu na linaangaza uso wa mama. Ile njo glow ya kwanza.

Kisha neno likatembea. Likatumika kwa uso wa mtu aliyekimbia, kwa mashavu ya mtu mwenye furaha, kwa ngozi ya mtu mwenye afya. Likaingia hata ndani ya moyo: Mwingereza aliyefanya jambo jema anaweza kusema anasikia glow, ni kusema joto zuri kifuani. Mafundi wa masini ya dizeli nao wanalo: ile buji inayopasha joto chumba cha moto kabla masini haijawaka, kwa Kingereza inabeba jina hilo hilo. Na vijana wa leo wanalitumia kwa mtu aliyebadilika akawa mzuri, amevaa vizuri, maisha yamemkubali.

Halafu iko maana moja ambayo inakwenda kinyume cha ile ya kwanza: mwanga bila moto kabisa. Kimulimuli. Ukimshika mkononi usiku, anamulika na hakuchomi. Mwanga wake unatoka ku kemia ndani ya tumbo lake, na karibu hauna joto. Waingereza wanaita pia glow. Donc neno moja linasema kaa linalochoma na mdudu asiyechoma. Ukisikia neno peke yake, huwezi kujua kama kitu kile kitakuunguza ao hapana.

Kiswahili hakifanye hivyo. Kaa linawaka. Kimulimuli anametameta. Taa inaangaza. Sufuria iliyosuguliwa na mchanga inang'aa. Na kwa mtu mwenye afya, ao shamba lenye afya, Kiswahili kina neno lingine ambalo mimi nililipata ku radio na ku vitabu kuliko nyumbani: kunawiri. Mtoto aliyetoka ugonjwa akaanza kula vizuri, amenawiri. Mahindi yaliyopata mvua na udongo mzuri yamenawiri.

Ona tofauti. Kung'aa kunaweza kuwa ku ngozi ya juu tu: unapaka, unasugua, kinang'aa. Kunawiri hakupakwi. Kunatoka chini, ku mizizi, ku chakula, ku maji, ku usingizi. Sisi wa shamba tunajua hata ule udanganyifu wake: ukimwaga urea nyingi kupita kiasi, majani yanakuwa kijani kizito, jirani anakusifu, kisha shina linakuwa laini, linaanguka ku upepo wa kwanza, na wadudu wanafurahi. Shamba liling'aa, halikunawiri.

Kingereza kinaweka vyote viwili mu neno moja, glow. Na mu nafasi ile, kati ya kung'aa na kunawiri, watu wamefanya biashara kubwa. Mfano mkubwa kuliko yote umepita kwetu.

Mwaka 1898, ku Paris, Marie Curie na bwana yake Pierre walivumbua radiamu. Chumvi za radiamu zinatoa mwanga gizani, mwanga hafifu wa rangi ya bluu. Usiku wawili wale walikuwa wanarudi ku hangari yao ya kazi kuangalia tu vichupa vile vikimulika. Hakuna kuni, hakuna mafuta, hakuna umeme. Dunia ikashangaa. Watu wakafikiri kitu kinachomulika hivyo peke yake lazima kina uzima ndani yake.

Shida ilikuwa kuipata. Mu tani 3 hivi za uraniamu iko gramu 1 tu ya radiamu. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichangisha dola 100,000 kumpa Marie Curie gramu moja. Gramu moja, si kilo.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1915, Mwingereza mmoja aliyefanya kazi ya Union Minière du Haut-Katanga, Robert Rich Sharp, alikuta mawe ya uraniamu pale Shinkolobwe, upande wa Likasi. Mawe yale yalikuwa na rangi za ajabu: manjano, kijani, machungwa, meusi. Wataalamu wa Ubelgiji walipoyachunguza, walikuta aina za mawe ambazo hazikuwa na jina bado. Moja wakaiita kwa jina la Curie, nyingine kwa jina la Sklodowska, ile jina ya ukoo wa Marie kabla ya kuolewa, na nyingine kasolite, kwa jina la Kasolo, mahali penyewe pa mgodi. Jina la kwetu likabaki mu vitabu vya mawe vya dunia nzima.

Uchimbaji ulianza 1921. Mawe yalichaguliwa kwa mikono, yakatiwa mu mifuko, yakapelekwa Olen, ku Ubelgiji, ambako mwaka 1922 walitoa radiamu ya kwanza. Utajiri wa mawe ya Shinkolobwe ulikuwa mkubwa hivi kwamba migodi ya Colorado, Marekani, iliyoshika soko mbele, ilishindwa ikafunga. Kwa miaka karibu kumi, mwenye kutaka radiamu duniani alinunua kwa Union Minière. Bon, tujiulize: watu walikuwa wanainunua ya nini?

Kwanza kwa hospitali, ku matibabu ya kansa. Ile ilikuwa kazi ya kweli, na iliokoa watu. Lakini sehemu nyingine ilikwenda ku ile glow. Waliichanganya na unga wa zinki, wakapata rangi inayomulika usiku, wakapaka namba za saa na vyombo vya ndege. Ku Orange, mu jimbo la New Jersey, mabinti walikuwa wanafanya kazi hiyo tangu 1917, wakati ule kwa radiamu ya Colorado. Walifundishwa kunyoosha ncha ya burashi kwa midomo. Chovya, paka, lamba. Chovya, paka, lamba. Waliambiwa haina neno. Jioni walitoka kazini nywele na nguo zao zikimulika, na wengine walijipaka ku kucha na ku meno kwa kucheza, kabla ya kwenda kudansa.

Mwili wa mtu unafikiri radiamu ni kalsiamu. Sisi tunaojifunza udongo tunaelewa haraka, kwa sababu zote mbili ziko ku safu moja ya jedwali la kemia. Mwili ukaipeleka ku mifupa, na radiamu ikiingia mfupa haitoki kirahisi; inachukua miaka 1,600 hivi ili nusu yake ipungue. Meno yalianza kutoka. Mataya yakaoza. Mwaka 1927 binti mmoja, Grace Fryer, pamoja na wenzake wanne, walipeleka kampuni mahakamani. Mwaka 1928 walipata mapatano: dola 10,000 kwa kila mmoja na pesa ya matunzo kila mwaka. Wengi wao hawakuishi muda mrefu wa kuila.

Utafikiri biashara ikakoma pale. Hapana. Miaka mitano baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ku Ufaransa kulitoka mafuta ya kupaka usoni yenye jina Tho-Radia. Ndani yake mulikuwa radiamu kidogo na thoriamu. Tangazo lake lilionyesha uso wa mwanamke mweupe mwenye nywele za dhahabu, unaoangazwa na mwanga kutoka chini. Mmoja wa waliotia jina lake ku mafuta yale alikuwa daktari aitwaye Alfred Curie, ambaye hakuwa na undugu wowote na Marie na Pierre. Jina tu. Lakini jina lilitosha. Marie Curie mwenyewe alikufa Julai 1934, damu yake imeharibika kwa kazi ya miaka mingi karibu na mawe yale, na madaftari yake mpaka leo yanahifadhiwa kwa uangalifu kwa sababu bado yana mionzi.

Wakati ule radiamu ya soko la dunia ilikuwa bado mikononi mwa Union Minière. Fikiri basi: mchimbaji wa Shinkolobwe anabeba mfuko wa mawe ku mgongo, na ku Paris mama mmoja anajipaka usoni ili ang'ae. Kati yao wawili hakuna aliyeambiwa hatari gani iko ndani.

Na reli yetu? Njia ya BCK ilifika Bukama 1918, kisha ikavuka Lualaba, ikapita hapa Kabondo-Dianda, Kamina, ikaenda mpaka Port-Francqui, ni kusema Ilebo ya leo, na ikafunguliwa 1928. Kwa miaka, uraniamu yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Walitaka ile gramu ya radiamu, na tani zilizobaki zilitumika kutia rangi ku vioo na ku sahani. Lakini Agosti 1939 Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt, na mu barua ile Kongo ya Wabelgiji ilitajwa kama chanzo kikubwa kuliko vyote cha uraniamu. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alituma tani zaidi ya 1,000 za mawe mpaka New York, akaziweka ku hangari ya Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani lilikuja kuzinunua. Kisha mawe mengine yakafuata, na njia yake ilikuwa hii: treni kutoka upande wa Likasi mpaka Ilebo, mashua ku mto Kasai mpaka Léopoldville, treni tena mpaka Matadi, kisha meli.

Ukienda kwa reli kutoka Likasi mpaka Ilebo, lazima upite Bukama, na ukitoka Bukama lazima upite hapa. Mifuko ile ilipita hapa. Nkambo zetu waliokuwa wanauza ndizi na samaki ya Upemba ku gare waliona treni tu, kama treni zingine. Na mawe yenyewe, bandugu, hayamuliki gizani. Mtu akifikiri hatari lazima ing'ae, angeangalia mabehewa yale usiku asione kitu.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la Hiroshima lililipuka, na sehemu kubwa ya uraniamu ya kazi ile ilikuwa imetoka Shinkolobwe. Mwanga ule hakuna aliyeuita glow. Wajapani waliuita pika, mwanga wa ghafla unaopofusha, na don, mlio uliofuata. Watu wa pale walilazimika kutafuta neno jipya, kwa sababu maneno ya zamani ya mwanga hayakutosha.

Mgodi ulifungwa 1960, wakazijaza njia zake za chini na saruji. Baadaye wachimbaji wa mikono walirudi kutafuta kobalti. Januari 2004 serikali ilitoa amri ya kufunga, lakini Julai ya mwaka ule sehemu moja ilibomoka ikaua watu. Mu historia hii wanawake wa Orange wana majina, tunaweza kusema Grace Fryer na mtu akatafuta picha yake. Watu wetu wanahesabiwa kwa tani.

Sasa nirudi ku kikopo.

Siku mbili nyuma ya ile ya kwanza, nilimuomba mudogo wangu anipe na boksi yake. Yeye aliniuliza neno moja, lile kubwa la mbele. Nyuma kulikuwa maneno mengine, madogo kama mayai ya utitiri. Hapakuwa jina la fabrika, hapakuwa anwani, hapakuwa orodha ya vitu vilivyomo. Ila mstari mmoja: epuka mafuta yasiguse dhahabu, fedha wala alumini.

Mstari ule nilikuwa nimeusoma mahali pengine. Shirika la Afya Duniani linasema onyo la namna hiyo ni moja ya alama za kukutambulisha mafuta yenye zebaki, ile tunayoita merkiri, ile ile wachimbaji wa dhahabu wanatumia kukamata unga wa dhahabu. Zebaki inashika dhahabu na kuiharibu. Ku ngozi inazuia mwili usitengeneze rangi yake, ndiyo maana uso unakuwa mweupe na kung'aa. Kisha inapita ndani, na figo ndizo zinazolipa. Mkataba wa Minamata, wa mwaka 2013, ulikubaliana kukomesha mafuta ya namna hiyo, na tangu 2020 hayaruhusiwi kutengenezwa wala kuuzwa kati ya nchi zilizotia sahihi. Iko nyingine, haidrokinoni, ambayo Ulaya iliitoa ku mafuta ya kujipaka tangu 2001. Nayo inazuia rangi, na mtu akiitumia muda mrefu inaweza kumwachia madoa meusi yasiyotoka. Rangi yetu si uchafu wa kuosha. Ni mwavuli ambao ngozi imejitengenezea juu ya jua hili hili la Katanga.

Sisemi kila kikopo chenye neno glow kina sumu. Vingine ni mafuta ya mawese na harufu nzuri tu. Nasema neno lile halikwambii. Liliandikwa kwa maana mbili, kaa na kimulimuli, na muuzaji hachagui moja. Kuchagua ni kazi yako, na unachagua kwa kusoma nyuma ya boksi. Jina la fabrika liko? Vilivyomo vimeandikwa? Kuna mstari unaoogopa dhahabu? Sisi tuliopata masomo, wadogo zetu wanatuuliza maneno makubwa ya mbele. Deni letu ni kuwasomea na yale madogo ya nyuma, kwa Kiswahili, bila kuwachekelea.

Nilimwambia mudogo wangu yote haya, tumekaa karibu na mbabula. Nilimwambia habari ya mabinti wa Orange na ya treni. Alisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo mimi sikulitazamia: «Yaya, na bale babinti, banani njo alibambia kama haina neno?»

Nikasema: «Ni wakubwa wa kazi. Walikuwa wanajua kuliko wao.»

Alikaa kimya kidogo. Alikuwa ameanza kupaka tangu siku tatu, na juu ya mashavu ngozi ilikuwa tayari nyekundu kidogo. Akaniambia kama watu wa bwana wake wanapenda bibi arusi mweupe, hata mama mkwe alishasema neno. Pale ndipo nilielewa kama kikopo hakikuwa shida yote. Mtu anaweza kusoma nyuma ya boksi, lakini maneno ya mama mkwe hayaandikwi ku boksi.

Sikumlazimisha. Nilimwambia tu: «Utavaa pete ya dhahabu siku ile. Na ile mafuta yenyewe imeandika inaogopa dhahabu.» Akacheka kidogo, akachukua kikopo, akakifunga mu mfuko wa plastiki, akakiweka juu ya kabati. Hakukitupa. Tangu pale hajapaka. Kila asubui naangalia kama mfuko bado umefungwa, na kila jioni mama anamwekea sahani yake ya kwanza: bukari, sombe na samaki ya Upemba.